Wingu la Thika na Ruiru, maji ya Sabaki na Tana: tujifunze kusoma picha za setilaiti

Masika ikishika kasi, simu kati ya Pwani na bara huwa nyingi. Mama yuko Malindi, mtoto anasoma Thika au amepanga chumba Ruiru, na swali la kwanza baada ya salamu ni lile lile: "Huko mvua vipi?" Mtoto hujibu kwamba imenyesha tangu alasiri, stima imekatika na njia haipitiki. Mama humwombea dua, simu ikakatwa, na habari ikaishia hapo.

Leo nasema kwamba habari ile haifai kuishia hapo. Mvua inayonyesha Ruiru na Thika ni habari ya Malindi, ya Garsen na ya Kipini. Na siku hizi hatuhitaji kusubiri simu ya mtoto ili tuijue. Wingu linaloleta mvua hiyo linaonekana kwenye simu zetu, karibu wakati ule ule linapojikusanya. Lililobaki ni kujua kulisoma.

Mito miwili, njia mbili

Tuanze na ardhi, maana picha ya wingu haina faida kwa mtu asiyejua maji ya wingu hilo yataelekea wapi.

Ruiru na Thika ni miji jirani katika kaunti ya Kiambu. Ukichora mstari ulionyooka kati yake hupati hata kilomita 20. Yote miwili iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, chini ya miteremko ya milima ya Nyandarua, ambayo wengi huijua kwa jina la Aberdare, na kilele chake kinakaribia mita 4,000. Lakini maji ya miji hii miwili huagana.

Mto Ruiru unateremka kutoka miinuko hiyo, unapita mjini, kisha maji yake huingia katika njia ya Mto Athi. Athi ukishuka hadi Tsavo huitwa Galana, na ukifika kwetu huitwa Sabaki. Jina hubadilika, maji ni yale yale. Thika nako, Mto Chania na Mto Thika hukutana hapo hapo mjini, karibu na hoteli ya zamani ya Blue Posts yenye maporomoko mawili. Maji hayo hayaendi Athi. Huelekea Mto Tana na kuingia bwawa la Masinga, halafu Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo yakateremka Garissa, Hola na Garsen hadi baharini Kipini.

Kwa hiyo wingu moja kubwa likikaa juu ya miji hii jioni moja, upande wake mmoja unapeleka maji Malindi na upande wa pili unayapeleka Tana Delta. Bila shaka si Ruiru na Thika peke yake zinazojaza mito hii. Nairobi, Machakos, Murang'a na Mlima Kenya zina sehemu yao, na kubwa. Lakini miji hii miwili imekaa mahali pazuri pa kutazamia, kama mlinzi aliyesimama penye njia panda.

Na ushahidi wa safari hii kila mtu wa Malindi anao machoni. Msimu wa mvua bahari hugeuka rangi ya udongo. Udongo ule umetoka mashamba ya bara. Hata setilaiti huuona: doa la hudhurungi linatoka mdomo wa Sabaki na kutandaa ndani ya maji ya buluu.

Jicho lililo juu ya Bahari Hindi

Setilaiti za hali ya hewa si jambo geni duniani. Ya kwanza, TIROS-1, ilirushwa na Marekani tarehe 1 Aprili 1960. Wala mambo ya anga si mageni kwetu Pwani. Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, pale baharini Ngomeni, tangu 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 iliruka kutoka hapo ile iliyopewa jina la Uhuru.

Inayotuhusu leo ni Meteosat-9, ya shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa, EUMETSAT. Tangu 2022 imewekwa juu ya ikweta, kwenye Bahari Hindi, longitudo digrii 45.5 mashariki. Iko umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Katika umbali huo setilaiti huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo kwetu ni kama imesimama palepale. Hutupiga picha kila dakika 15, yaani picha 96 kwa siku. Na kwa kuwa Kenya iko karibu chini yake, hututazama karibu wima, jambo ambalo nchi za mbali na ikweta hawana.

Picha hizo hupatikana bure kwenye tovuti ya EUMETSAT, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutumia picha za aina hiyo katika kazi yake ya kila siku. Hazimalizi bando kama video. Ila zina mipaka: katika picha nyingi za setilaiti hii, kijidoa kimoja ni ardhi ya kilomita 3 kwa 3. Kutoka Ruiru hadi Thika ni vijidoa sita tu. Usitegemee kuona mtaa wako. Unatazama wingu, nyumba hutaiona.

Kwanza soma saa

Wengi huanza kukosea hapa. Saa iliyoandikwa pembeni mwa picha ni ya Greenwich, na huandikwa UTC. Sisi tuko saa tatu mbele. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili kuna njia nyepesi: chukua saa iliyoandikwa, toa tatu, umepata saa yetu ya Kiswahili. Picha ya 06:00 ni ya saa tatu asubuhi. Ya 12:00 ni saa tisa alasiri. Ya 15:00 ni saa kumi na mbili jioni. Ya 18:00 ukitoa tatu unapata kumi na tano. Ondoa kumi na mbili, ni saa tatu usiku.

Jambo dogo hili lina uzito. Mtu anayedhani picha ya 12:00 ni ya adhuhuri atafikiri ana saa tatu za kujiandaa, kumbe saa hizo zimekwisha kupita.

Picha ya mwanga na picha ya joto

Kuna aina nyingi za picha, lakini mbili zinamtosha mwananchi.

Ya kwanza ni picha ya mwanga. Ni kama picha ya kamera ya kawaida: jua linapiga juu ya mawingu, nayo yanaonekana meupe. Inapatikana mchana tu. Inaonyesha umbo la wingu vizuri, ila haisemi lina kimo gani. Shuka nyembamba la ukungu na mnara wa radi vyote vinaweza kuwa vyeupe.

Ya pili ni picha ya joto, ambayo wataalamu huiita infraredi. Hii haihitaji jua. Inapima joto la sehemu ya juu ya wingu, usiku na mchana. Kanuni yake ni nyepesi: kadiri unavyopanda angani ndivyo baridi inavyozidi, kwa hiyo wingu lenye kichwa baridi sana ni wingu refu sana. Mawingu makubwa ya radi katika nchi zetu za joto hufika mahali ambapo kichwa chao ni digrii 60 au 70 chini ya sifuri, barafu tupu. Kwenye picha huonyeshwa kwa weupe mkali au kwa rangi kali. Rangi hutofautiana tovuti kwa tovuti, kwa hiyo soma kwanza ufunguo wa rangi ulio pembeni.

Siri ni kuziweka picha hizi mbili pamoja. Thika na Ruiru zinatupa mfano mzuri.

Mwezi wa Julai watu wa huko huvaa makoti. Asubuhi anga limefunga na manyunyu yanadondoka. Ukifungua picha ya mwanga utaona weupe mtupu juu ya Kiambu yote, na anayeitazama kwa mara ya kwanza atasema gharika imefika. Sasa fungua picha ya joto: pale pale pana kijivu hafifu, karibu sawa na ardhi. Maana yake wingu ni pana lakini ni fupi, na kichwa chake hakina baridi kali. Hilo ni wingu la manyunyu. Halijazi mto.

Njoo Aprili. Saa tatu asubuhi anga ni safi, au pana vidoa vichache. Upepo wa kusi unasukuma hewa yenye unyevu kutoka baharini kwetu kuelekea bara. Jua linachoma ardhi, hewa inapanda, na miteremko ya Nyandarua inaisukuma zaidi juu. Saa sita mchana vidoa vimekuwa punje. Saa tisa punje mbili tatu zimeungana, na kwenye picha ya joto katikati yake pamegeuka rangi ya baridi kali. Ni jeupe kwenye picha zote mbili. Hilo ndilo wingu la kuogopwa, na jioni hiyo mtoto wako wa Ruiru hatapata matatu ya kurudi nyumbani kwa urahisi.

Wingu letu huzaliwa palepale

Kuna kosa jingine, nalo linatokana na kutazama taarifa za hali ya hewa za Ulaya kwenye televisheni. Kule mvua mara nyingi husafiri: inaonekana ikitoka baharini, inapita mji mmoja, kisha wa pili, na mtu anaweza kukadiria itamfikia lini. Kwetu karibu na ikweta mambo hayaendi hivyo kila mara. Mawingu yetu makubwa huzaliwa, hukua na kufa karibu mahali pale pale, ndani ya saa chache.

Ndiyo sababu picha moja haitoshi. Tazama angalau picha nne mfululizo, yaani saa nzima, na ujiulize maswali matatu. Je, eneo la rangi ya baridi linapanuka au linapungua? Je, linazidi kuwa baridi? Je, mawingu mengine yanazaliwa ubavuni mwake? Likipanuka na kupoa, linakua. Kingo zikianza kufifia na kuchanika kama pamba, limeanza kufa, hata kama bado linaonekana kubwa.

Kisha fanya hivyo siku tatu au nne mfululizo. Wingu la jioni moja linaweza kufunga barabara ya Thika, lakini haliwezi kujaza Sabaki. Kinachojaza mto ni mawingu hayo kurudi kila alasiri, juu ya ardhi ambayo imeshashiba maji. Mto una kumbukumbu ya mvua ya jana na juzi.

Kimbunga cha mbali

Picha za setilaiti zinatuonyesha pia jambo lililo mbali nasi lakini linatugusa: vimbunga vya kusini mwa Bahari Hindi. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukisaidie kujisokota, na karibu na ikweta msaada huo ni mdogo. Thika iko digrii 1 tu kusini mwa ikweta, Malindi 3, Mombasa 4. Ndiyo maana si kawaida kimbunga kutufikia.

Lakini si kawaida haimaanishi haiwezekani kuguswa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, jirani zetu wa Tanzania, katika msimu ule ule ambao mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 hapa Kenya. Na hata kikiwa mbali, kimbunga hugeuza pepo. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande wa Madagascar, upepo wa magharibi uliingiza hewa ya unyevu kutoka upande wa Congo, na mvua kubwa ikanyesha Kenya. Mwaka uliofuata, Machi 2019, wakati wa kimbunga Idai kilichopiga Beira, Msumbiji, masika yetu yalichelewa. Kwa hiyo ukiona duara limejisokota kwenye picha karibu na Madagascar, usiseme moja kwa moja kwamba mvua inakuja au haiji. Sema tu kwamba pepo zinaweza kubadilika, na usikilize Idara inasema nini.

Picha haisemi kila kitu

Nisingependa mtu asome makala haya kisha ajifanye mtabiri wa mtaa. Kuna mambo manne ambayo picha haitakwambia.

Kwanza, inaona kichwa cha wingu, haioni mvua yenyewe. Wingu kubwa hutandaza paa la barafu lililo pana kuliko eneo linalonyeshewa. Unaweza kuwa chini ya rangi kali na ukabaki mkavu.

Pili, mvua ya kwetu Pwani inaidanganya picha ya joto. Mvua nyingi za Mei huku Mombasa na Kilifi hushuka usiku na alfajiri, kutoka mawingu yasiyo marefu sana yaliyosukumwa na kusi. Kichwa chake hakina baridi kali, lakini maji yake ni mengi. Kanuni ya Ruiru usiilete Kisauni bila kufikiri.

Tatu, haioni mabwawa. Maji ya Thika yanayoelekea Tana husubiri kwanza Masinga na mabwawa mengine manne. Yakiwa na nafasi, humeza mafuriko. Yakiwa yamejaa, kila tone linalofika hupita. Mtu wa Garsen anahitaji habari mbili: wingu liko vipi, na bwawa liko vipi. Upande wa Athi hakuna msururu wa mabwawa makubwa kama huo, na ndiyo sababu Sabaki hupanda haraka.

Nne, haina uaminifu kuliko aliyekutumia. Kwenye makundi ya simu, picha ya kimbunga cha miaka mingi iliyopita hupewa tarehe ya leo na kusambazwa. Usiisambaze picha isiyo na tarehe, saa na jina la ilikotoka. Nenda mwenyewe kwenye tovuti uitazame.

Siku nne si haba

Sasa tujiulize faida iko wapi. Athi, Galana na Sabaki kwa pamoja ni kilomita 390 hivi. Tuchukulie maji yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 4 kwa saa. Ni saa 98, yaani siku nne. Hesabu hii ni ya kutupa picha tu. Mafuriko yanaweza kwenda kasi zaidi, na mvua ya Tsavo iko karibu nasi kuliko ya Ruiru. Lakini inatuonyesha kwamba mara nyingi tuna muda kati ya wingu na maji.

Siku chache zinatosha kwa mengi. Mkulima wa ukingoni mwa Sabaki anaweza kuvuna mahindi mabichi badala ya kuyapoteza yote. Mwenye pampu ya maji anaweza kuipandisha juu. Mfugaji wa Tana Delta anaweza kuwahamisha ng'ombe kabla njia haijakatika. Familia inaweza kutoa vyeti, dawa na wazee kwanza. Kaya za mjini zinaweza kujaza mapipa, maana visima vya Baricho vinavyotupa maji Malindi, Kilifi na Mombasa viko kando ya mto huo huo. Na kwa watoto wetu walioko Ruiru na Thika, ambao hawana siku nne bali saa mbili au tatu, kuona wingu linakua saa tisa kunatosha kuwaambia wasibaki katika chumba kilicho bondeni karibu na kijito.

Wapo watakaosema mvua ni ya Mwenyezi Mungu na mwanadamu hana la kufanya. Ni kweli mvua ni yake. Lakini wazee wetu walioongoza majahazi walitazama mawingu, wakajua kaskazi limechoka na kusi linaingia, na hakuna aliyesema wamekosa imani kwa kukataa kutweka tanga siku ya dhoruba. Dalili ya mvua ni mawingu, walituachia neno hilo. Setilaiti imetuinua tu juu zaidi ili tuyaone ya mbali.

Ombi langu kwa serikali za kaunti za Kilifi na Tana River ni jepesi. Kila kijiji cha ukingoni kiwe na mtu mmoja, kijana mwenye simu au mwalimu wa shule, aliyefundishwa kusoma picha hizi mbili na kupokea taarifa za Idara ya Hali ya Hewa na za vina vya mito na mabwawa, kisha azitangaze kwa lugha ya watu: msikitini, kanisani, sokoni na kwa chifu. Tahadhari inayobaki ofisini kwa Kiingereza haimwokoi mtu wa Garsen.

Na kwako msomaji, masika ijayo, inshallah, mtoto akipiga simu kutoka Ruiru kusema mvua imenyesha, muulize maswali mawili zaidi: imeanza saa ngapi, na ni siku ya ngapi mfululizo? Kisha fungua picha, toa tatu kwenye saa, utazame. Ikiwa ni siku ya nne na rangi bado ni kali juu ya Nyandarua, mpigie jirani yako mwenye shamba ukingoni. Usingoje maji yabadilike rangi.